Tufungue Daftari la Sakafu ya Bahari

Hii ni hotuba kuhusu uchimbaji wa madini ya sakafu ya bahari, niliyoitoa Tanga mbele ya walimu, wanafunzi na wavuvi. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha siku ile nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazee wetu wa bahari mlioacha kazi asubuhi hii ili mje kunisikiliza: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nitaanza na jino la papa. Jino hilo lilidondoka mamilioni ya miaka iliyopita katika Bahari ya Pasifiki, likazama hadi mahali pasipofika mwanga wa jua, likalala juu ya tope laini. Madini yaliyoyeyuka katika maji yakaanza kuganda juu yake tabaka kwa tabaka, kwa mwendo wa milimita chache katika kila miaka milioni moja, hadi likawa jiwe jeusi lenye ukubwa wa kiazi. Wanasayansi wa meli ya Uingereza iliyoitwa Challenger waliyaopoa mawe ya namna hiyo mwaka 1873, na tangu hapo imejulikana kwamba ukiyapasua, mengi yana kiini cha jino la papa, au kipande cha mfupa wa nyangumi, au jiwe dogo. Mimi nitayaita matonge, kwa kuwa ndivyo yanavyoonekana: kana kwamba mtu ameyafinyanga kwa kiganja na kuyapanga chini.

Matonge hayo yametapakaa hasa katika eneo liitwalo Clarion-Clipperton, kati ya Hawaii na Meksiko, kwenye kina cha mita 4,000 hadi 5,500. Katika sehemu nyingi za eneo hilo ungeweza kuuzamisha Mlima Meru mzima na kilele chake kisionekane. Makadirio yanayotumiwa na wengi yanasema eneo hilo pekee lina tani bilioni 21 za matonge, na ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Zipo kampuni na zipo serikali zinazosema kwamba wakati wa kuyazoa umefika, kwa sababu dunia inahitaji betri za magari ya umeme. Je, kuyazoa kuna faida? Na kama faida ipo, ni ya nani? Na hasara ikitokea, nani ataibeba?

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninachowaomba asubuhi hii ni kwamba tulifungue daftari la mali hii kabla haijapotea.

Ndugu zangu, ukurasa wa kwanza wa daftari lolote huandikwa jina la mwenye mali. Tarehe 1 Novemba 1967 balozi wa Malta katika Umoja wa Mataifa, Arvid Pardo, alisimama na kupendekeza kwamba sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi zote iwe urithi wa pamoja wa wanadamu. Malta ilikuwa imepata uhuru miaka mitatu tu kabla ya hapo. Nchi za Afrika zililipokea wazo hilo kwa mikono miwili, kwa kuwa zilikwisha kuona kinachotokea mwenye meli anapofika kwanza na mwenye nyumba anapoulizwa baadaye. Kenya ndiyo iliyopeleka kwenye Umoja wa Mataifa, mwaka 1972, pendekezo la ukanda wa kiuchumi wa bahari, ambao leo unampa kila mwenye pwani haki ya samaki na madini hadi maili 200. Na sisi Tanzania tulimtoa Mzee Joseph Sinde Warioba, ambaye wengi wenu mnamfahamu kama Waziri Mkuu wa zamani na mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Yeye ndiye aliyeiongoza kwanza tume iliyoandaa kuundwa kwa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, chombo kinachosimamia madini ya sakafu hiyo, na baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari mjini Hamburg.

Mkataba wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini mwaka 1982 huko Montego Bay, Jamaika, ukaanza kufanya kazi mwaka 1994, na Mamlaka hiyo ina makao yake Kingston. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mambo ya Kingston hayatuhusu, mjibu kwamba nyumba ile tulishiriki kuijenga, na kwamba katika Baraza Kuu la Mamlaka ile kiti chetu ni sawa na kiti cha nchi nyingine yoyote.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu ndipo palipofichwa mengi.

Ahadi ya utajiri wa matonge si mpya. Mwaka 1974 meli kubwa iitwayo Hughes Glomar Explorer iliingia Pasifiki, na dunia iliambiwa kwamba tajiri Howard Hughes anakwenda kuchimba manganizi. Magazeti yaliandika, kampuni nyingine zikaharakisha mipango yao, wanadiplomasia waliokuwa wakijadili mkataba wakahofia kuachwa nyuma. Mwaka uliofuata siri ikafichuka: meli ile ilijengwa kwa fedha za shirika la ujasusi la Marekani ili kuopoa manowari ya Kisovieti iliyozama mwaka 1968. Uchimbaji ulikuwa pazia. Naisimulia habari hii kwa sababu pazia lile liliaminika kirahisi mno. Watu wenye elimu na fedha waliamini kwa sababu walitaka kuamini. Ni kweli kwamba baadaye katika miaka hiyo ya 1970 kampuni halisi zilijaribu na kufanikiwa kupandisha mamia ya tani za matonge, lakini bei za metali zilishuka, migodi ya nchi kavu ikazalisha kwa wingi, nazo zikafunga virago.

Njooni sasa kwenye kisa ninachotaka mkibebe mrudi nacho nyumbani, kisa cha Papua New Guinea. Mwaka 2011 nchi hiyo ilitoa leseni kwa kampuni ya Nautilus Minerals kuchimba shaba na dhahabu katika Bahari ya Bismarck, kwenye kina cha mita 1,600 hivi, mahali palipopewa jina la Solwara 1. Hayo hayakuwa matonge. Yalikuwa madini yaliyojengeka kandokando ya chemchemi za moto za chini ya bahari. Serikali ilishawishika kununua hisa asilimia 15 ya mradi kwa takriban dola milioni 120 za Marekani. Mitambo mitatu mikubwa kupita nyumba ikaundwa Uingereza. Meli ya kazi ikaanza kujengwa China. Wavuvi wa New Ireland, kisiwa cha nchi hiyo, ambao mababu zao waliita papa kwa kutikisa vifuu vya nazi kutoka kwenye mitumbwi, na ambao bado wanafanya hivyo, walipinga tangu mwanzo wakisema kelele na tope vitawafukuza papa wao. Walionekana kama watu wasioyaelewa maendeleo.

Nini kilitokea? Kampuni ilikosa fedha za kumalizia, meli iliyokuwa ikijengwa ikauzwa kwa mtu mwingine, na mwaka 2019 kampuni ikafilisika. Haikuchimba kwa biashara hata tani moja. Waziri Mkuu James Marape alikiri hadharani kwamba mradi ule ulishindwa kabisa. Fedha za wananchi wa nchi ambayo vijiji vyake vingi havina zahanati zilizama, na hakuna chombo cha kuziopoa.

Nawauliza wanafunzi wa biashara mlioko hapa: katika kisa hicho, nani alipata? Waliouza mitambo walilipwa. Waliolipwa mishahara walilipwa. Nani alibaki na deni? Mwenye bahari.

Mtu ataniambia kwamba matonge ya Clarion-Clipperton ni jambo tofauti, kwamba hayahitaji kuchimbwa, yanazolewa tu. Vema, tuyapime. Katika kila kilo 100 za matonge yaliyokauka, karibu kilo 30 ni manganizi, kilo moja na ushei ni nikeli, kilo moja hivi ni shaba, na kobalti ni gramu 200 tu au pungufu kidogo. Manganizi, ambayo ndiyo sehemu kubwa, imejaa nchi kavu, hasa Afrika Kusini na Gabon, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na nyingine. Kwa hiyo faida inategemea nikeli na kobalti, na hapa ndipo hesabu inapoyumba. Tani ya kobalti ilifika karibu dola 80,000 mwaka 2022. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilikuwa imeshuka chini ya dola 25,000, hata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote duniani, ikaamua Februari mwaka huo kusimamisha mauzo yake ya nje ili kuinusuru bei. Wakati huohuo viwanda vya China vimetia nguvu kwenye betri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti wala nikeli hata chembe, na kufikia mwaka 2024 betri hizo zilikuwa zimechukua karibu nusu ya soko la magari ya umeme duniani. Mtu anayejenga mradi wa miaka 30 juu ya kiu ya kobalti anajenga juu ya mchanga wa maji kujaa na kupwa.

Na sisi je? Mimi ni mzaliwa wa Ngara, mkoani Kagera. Chini ya vilima vya Kabanga, katika wilaya yetu, kuna nikeli, shaba na kobalti, yaani metali tatu zilezile za matonge. Zimejulikana tangu miaka ya 1970. Nimekua nikisikia mgodi unakuja, nimesoma nikisikia mgodi unakuja, na Januari 2021 serikali yetu ilitia saini mkataba wenye hisa za Watanzania ndani yake. Sasa fikirini: meli zikianza kumwaga sokoni nikeli ya Pasifiki, bei ya nikeli ya Kabanga itapanda au itashuka? Bei ya shaba ya Zambia na kobalti ya Kolwezi, huko Kongo, je? Mkataba wa Sheria ya Bahari uliliona jambo hili; umeandika kwamba nchi zinazoendelea zilindwe dhidi ya hasara itokanayo na uchimbaji wa sakafu ya bahari, na kwamba zisaidiwe zikiumia. Kundi la Afrika limeuliza Kingston mara nyingi fidia hiyo itatoka wapi na itakuwa kiasi gani. Swali hilo ni la haki kabisa. Mrabaha wa urithi wa pamoja ukigawanywa kwa nchi zaidi ya 160 utakuwa mwembamba sana kwa kila mmoja, lakini pigo la bei halitagawanywa sawa: litaangukia Kolwezi, Kitwe ya Zambia na Ngara.

Lakini lazima niwe mkweli kwenu. Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita kimya. Wanasema: migodi ya nchi kavu inaua watu, inafukuza wanavijiji, inachafua mito, na chini ya bahari haishi mtu. Ndugu zetu wa Kolwezi, wanaozungumza Kiswahili kama sisi, wanajua ukweli wa maneno hayo kuliko mtu yeyote. Wachimbaji wa mikono wamefukiwa kwenye mashimo, na watoto wamebeba mawe ya kobalti migongoni badala ya kubeba daftari. Hoja hiyo inanigusa. Hata hivyo, nionyesheni ni mgodi gani wa Kolwezi utakaofungwa siku tonge la kwanza litakapouzwa. Bei ikianguka, wa kwanza kupunguzwa ni mlipwaji wa chini, na cha kwanza kukatwa ni gharama ya usalama. Tutakuwa na majeraha mawili, la nchi kavu na la baharini, na fedha za kutibu hata moja zitakuwa zimepungua.

Tumefika kwenye bahari yenyewe, na hapa wazee wetu ndio walimu wangu.

Mwaka 1989 wanasayansi wa Ujerumani walikwenda nje ya pwani ya Peru, wakashusha jembe lenye upana wa mita 8 hadi kina cha zaidi ya mita 4,000, wakalikokota juu ya sakafu mara 78. Walitaka kujua jeraha la namna hiyo hupona baada ya muda gani. Shamba lililolimwa Lushoto likaachwa, mvua mbili tu zinatosha kulifunika kwa majani. Walirudi mwaka 2015, baada ya miaka 26. Mitaro ya jembe ilikuwa palepale, kana kwamba imekatwa wiki iliyopita. Wanyama waliokuwa wakiishi juu ya matonge hawakurudi, na hata vijidudu vya kwenye tope vilikuwa vinafanya kazi kwa unyonge. Katika Clarion-Clipperton nako, njia za mtambo wa majaribio wa mwaka 1979 zilikaguliwa tena baada ya miaka 44. Ni haki niseme kwamba baadhi ya viumbe wadogo walikuwa wameanza kurejea. Lakini njia zenyewe bado zinaonekana, na matonge yaliyoondolewa hayatarudi katika umri wa taifa lolote lililoko duniani leo.

Kwa nini matonge ni muhimu kwa viumbe? Kwa sababu katika bahari ya tope, jiwe ndilo mahali pekee pa kushikilia. Huko Peru walimkuta pweza mweupe ambaye hutaga mayai yake kwenye shina la sifongo iliyokufa, na sifongo hiyo ilikuwa imeota juu ya tonge. Ninyi mnaomjua pweza hamhitaji kuelezwa: pweza jike hulinda mayai yake bila kuondoka. Ukiondoa tonge, umeondoa sifongo. Ukiondoa sifongo, umemwondolea pweza kitanda cha uzazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba eneo la Clarion-Clipperton lina aina 5,578 za wanyama zilizokwisha kukusanywa, na karibu tisa katika kila kumi hazijapewa hata jina la kisayansi.

Ukubwa wa kazi nao tuupime. Mradi mmoja wa tani milioni tatu kwa mwaka, mahali penye kilo 15 za matonge katika kila mita mraba, utakwangua kilomita za mraba 200 kila mwaka. Kwa miaka mitano umekwangua ukubwa wa Kisiwa cha Pemba. Huo ni mradi mmoja. Tena sijahesabu tope linalotimka, ambalo husafiri na mkondo na kuwafunika viumbe walio mbali na mtambo, wala maji machafu yatakayorudishwa baharini kutoka kwenye meli, katika maji ambayo jodari hupita.

Nanyi msidhani haya ni ya Pasifiki peke yake. Katika Bahari ya Hindi, hii inayopiga hapa Raskazone, India, China na Ujerumani zina mikataba ya utafutaji. Kwenye chemchemi za moto mashariki ya Morisi aligunduliwa mwaka 2001 konokono ambaye mguu wake umevaa magamba yenye chuma. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sababu iliyoandikwa ilikuwa tishio la uchimbaji wa chini ya bahari. Wakati huo alijulikana kuishi sehemu tatu tu, na mbili kati ya hizo zilikuwa ndani ya maeneo ya mikataba.

Tanga mnapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Hadi mwaka 1938 wataalamu wote wa dunia waliamini kwamba samaki silikanti alikufa pamoja na madinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Akavuliwa Afrika Kusini. Na kuanzia mwaka 2003 ninyi mkaanza kumtoa kwenye majarife yenu, mmoja baada ya mwingine, hadi serikali ikatenga hifadhi kwa ajili yake mwaka 2009. Alikuwa kwenye kina cha mita mia moja na kitu tu, mbele ya mji huu, na elimu yote ya dunia haikujua. Je, tunaweza kusema tunaijua mita ya 5,000?

Nimebakiza jambo moja, nalo ni la haraka. Mwezi Aprili 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuharakisha uchimbaji huu, hata nje ya mipaka ya Marekani, na siku chache baadaye kampuni ya The Metals Company ya Kanada, kupitia tawi lake la Marekani, ikaomba kibali kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1980, bila kupitia Kingston. Marekani haijajiunga na Mkataba. Maana yake ni kwamba urithi wa pamoja unaombewa hati na jirani asiyeketi kwenye kikao cha ukoo. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imedhaminiwa mbele ya Mamlaka na Nauru, kisiwa cha kilomita za mraba 21 ambacho karibu sehemu nne kati ya tano za ardhi yake iliharibiwa na uchimbaji wa fosfati kwa ajili ya mashamba ya watu wengine. Nauru ina njaa ya mapato, na siwalaumu. Lakini mahakama ya Hamburg ilieleza mwaka 2011 kwamba nchi mdhamini ina wajibu wa kusimamia kwa makini, iwe tajiri au maskini. Kisiwa cha kilomita 21 kitausimamiaje mtambo ulio kilomita tano chini ya maji, mbali namna ile?

Nchi zaidi ya 30 zimekwisha kutaka shughuli hii isimamishwe kwa muda au izuiwe, zikiwemo Palau, Fiji, Chile, Ufaransa na Ujerumani. Naiomba nchi yangu ijiunge nazo. Naomba ujumbe wetu ukienda Kingston usiende kusikiliza tu: ukatae kanuni zozote zisizotaja kwa tarakimu fidia ya nchi zenye migodi, ukatae kibali chochote kinachotolewa nje ya Mamlaka, na udai kwamba hakuna mtambo utakaoshushwa kabla viumbe wa huko hawajajulikana hata kwa majina. Naomba vyuo vyetu vipeleke vijana kusomea vilindi, ili siku ya kura tusitegemee taarifa zilizoandikwa na muuzaji.

Mheshimiwa mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na nakaribisha maswali. Kwa idhini yako ningependa tuanze na mzee aliyekaa pale dirishani, maana wakati wa chai aliniambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa chomboni usiku ule silikanti alipopandishwa, na ningependa vijana hawa wasikie kutoka kinywani mwake samaki yule alionekanaje.